Picha Zilizobaki Darasani

Hebu nikuulize wewe unayesoma: umewahi kuulizwa na mtu wa damu yako, "Unataka nini?", ukamjibu, "Sitaki kitu, tuko salama," na kumbe hicho unachokitaka kimekusimama kooni hata mate hayapiti?

Bibi Dobi alilijibu swali hilo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Simu yake ya vibonye ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi, karibu na kikopo cha wanga, na ilipolia aliiacha iite kidogo ili asije akaonekana alikuwa ameikodolea macho. Kisha aliipokea kwa mkono wa kushoto, akasema kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazi, "Ndiyo, mama. Habari za huko?"

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa nchi ya mbali akimtunza kikongwe katika nyumba ya watu wenye uwezo. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, alimchana nywele. Siku alipoondoka, mtoto aliyemwachia bibi alikuwa hajang'oa hata jino moja la utoto. Sasa mtoto huyo yuko sekondari, na viatu vya bibi yake vinambana.

"Mama," binti alisema Jumapili hiyo, "wamenipa karatasi. Wanataka nisaini mkataba mwingine, au niwaambie kwamba narudi. Mwisho wa mwezi wanataka jibu."

"Mkataba wa muda gani?"

"Miaka mitatu."

Bibi Dobi alitazama mashati yaliyoning'inia ukutani, yamepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule kwenye mstari.

"Na huyo bibi yako wa huko, hajambo?"

"Hajambo. Mama, nakuuliza wewe. Nisaini, au nirudi?"

Jibu lilipanda mpaka ncha ya ulimi, likakaa pale, likarudi lilikotoka. Bibi Dobi ndiye aliyemtuma binti yake aende. Ndiye aliyesema mbele ya majirani, "Nenda, huku nipo mimi." Mtu akishasema neno kama hilo kwa mdomo mpana, kulirudisha ni kazi kuliko kutoa doa la kutu kwenye shuka nyeupe.

"Wewe ni mtu mzima," alisema. "Fanya unavyoona. Sisi tuko salama."

"Huna unachotaka?"

"Nitake nini? Sabuni ipo, maji yapo, mke mwenzangu huyu, mwanao, ananitania kutwa. Usinifikirie mimi."

"Haya, mama," binti alisema, na hiyo haya ilikuwa nyembamba kama uzi.

Huko ugenini, binti alipokata simu alibaki ameibana kifuani, amesimama katika ukumbi wa watu. Naye alikuwa na lake. Alitaka aambiwe neno moja tu. Lakini nyumba uliyotolewa kwa baraka, ukaagizwa ufanye kazi, huirudii hivihivi kama mtu aliyesahau mwavuli. Unangoja uitwe. Basi mmoja anangoja aitwe, na mwingine anangoja mwenziwe aje bila kuitwa, na Jumapili zinapita.

Mjukuu alikuwa ameegemea mlango wa uani, ndoo mkononi.

"Bibi, mbona hukumwambia habari ya mkono?"

"Mkono wa nani?"

"Wako."

"Mkono wangu umeandikwa kwenye mkataba wake?" Bibi Dobi alisema. "Na wewe usije ukamwambia. Nimekukataza, umesikia? Mama yako asijue."

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Asubuhi moja ya msimu wa baridi aliinua pasi, pasi ikateleza, ikaanguka karibu na mguu wake, na yeye akabaki anavitazama vidole vyake kama vitu vya kuazima. Havikukunjika. Zahanati walimwambia ni kiharusi kidogo, ashukuru hakikupanda juu zaidi, apumzike. Majirani aliwaambia ameulalia vibaya. Tangu hapo mjukuu ndiye aliyepiga pasi, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na wateja hawakujua.

Kumficha mtoto yule siri ilikuwa rahisi, ila kumfanya afiche siri ndiyo ilikuwa shughuli. Mtaani walimwita Shahidi. Jina hilo alilipata akiwa mdogo, siku mteja mmoja msumbufu alipogonga na Bibi Dobi akamnong'oneza aseme hayupo. Mtoto akafungua mlango, akasema kwa adabu, "Shikamoo. Bibi amesema hayupo." Tangu siku hiyo, mtu akitaka kujua ukweli wa jambo lolote uani pale, aliulizia, "Shahidi yuko wapi?"

*

Katikati ya wiki akaja Karani. Karani alikuwa mteja wa miaka mingi, mtu wa mashati meupe, anayetembea kama amebeba trei ya mayai. Siku hiyo hakutembea hivyo. Aliingia, akaweka kifurushi juu ya meza ya pasi, akafungua gazeti lililofungiwa shati, akaligeuza mgongo juu. Katikati ya mgongo palikuwa na alama ya pasi, rangi ya chai, ncha na yote.

Bibi Dobi aliijua. Jana yake jioni Shahidi alikuwa kwenye darasa lake la kompyuta, shati linatakiwa asubuhi, na yeye akajiambia mkono wa kushoto nao ni mkono. Alikuwa amelikunja ili alama iangukie ndani.

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," Karani alisema. "Lakini nimesimama mbele ya wakubwa wangu na chapa ya pasi mgongoni. Mtu wa nyuma yangu akaniuliza kama nimelala jikoni."

"Si ungevaa koti, mwanangu."

"Nililivua koti ndiyo maana wakaona."

Bibi Dobi alikichukua kikopo cha wanga, akakisogeza, akakirudisha palepale. "Nitakulipa shati."

"Hapana," Karani alisema upesi. "Sikudai. Nitakudai vipi wewe?" Akatazama pembeni, akaliona beseni lenye nguo zake zilizokuwa bado hazijafuliwa, akaanza kuziokota moja moja, mpaka soksi. "Kuna wale wa mashine, pale barabarani. Nitajaribu huko kidogo. Kidogo tu. Wewe pumzika, bibi."

Angemtukana, Bibi Dobi angejua la kujibu. Ulimi alikuwa nao. Lakini mtu anayekuonea huruma anakuchukulia hata ugomvi wako, anaondoka nao pamoja na soksi zake. Bibi Dobi alibaki ameshika lile shati lililoachwa, na jioni Shahidi aliporudi alimkuta bado analo.

Shahidi aliitazama alama.

"Sitaenda tena kwenye kompyuta," alisema. "Nitakuwa narudi moja kwa moja."

"Utaenda."

"Bibi, ni darasa la hiari. Halina hata mtihani."

"Nimesema utaenda. Kwanza niambie, mnafundishwa nini huko siku zote hizo? Isije ikawa mnaangalia watu wanaocheza."

Shahidi alivuta kigoda. Mtoto huyu alipopata kitu cha kueleza, uso wote ulimkunjuka. "Tunatengeneza kurasa. Zile watu wanazofungua kwenye simu. Unaziandika kwa maneno na alama. Ukurasa una kichwa na una mwili. Kichwani unaweka jina lake, na mwilini ndiko kunakokaa kila kitu kinachoonekana: kichwa cha habari juu, aya katikati, picha, na chini kabisa mawasiliano. Ukitaka maandishi makubwa unafungua alama, unaandika, halafu unafunga."

"Lazima ufunge?"

"Usipofunga, kila kinachofuata kinakuwa kikubwa mpaka mwisho wa ukurasa. Juzi niliharibu wote."

"Kama bomba la uani," Bibi Dobi alisema. "Mpumbavu mmoja akisahau kulifunga, wote tunaamka na viatu vinaelea."

"Hivyohivyo. Halafu kuna viungo. Kiungo ni maneno yaliyopigwa mstari. Ndani yake unaandika anwani ya unakokwenda, na juu yake maneno ya kubonyeza. Mtu akiyabonyeza, anafika."

"Anabonyeza neno, anafika?"

"Anafika."

"Bila nauli?"

"Bila nauli, bibi."

Bibi Dobi alikuwa amelikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Na kurudi je?"

"Mwalimu anasema kila ukurasa uwe na kiungo cha kurudi mwanzo. Ni ustaarabu tu, mgeni asije akakwama."

"Mwalimu wenu amelelewa," Bibi Dobi alisema. Kisha akauliza, "Na mama yako, kule aliko, anaweza kuuona ukurasa wako?"

"Popote, mradi awe na simu kubwa. Anayo."

"Basi mtengenezee. Ukurasa wa udobi wetu. Weka na picha, atuone tulivyonawiri. Akituona hivyo, atasaini kwa roho nyeupe."

Shahidi alimtazama bibi yake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu.

"Kwani wewe unataka asaini?"

"Mimi nataka umwage yale maji ya beseni kabla mbu hawajahamia."

*

Picha zilipigwa Jumamosi kwa simu ya jirani, Mama Kochi. Mume wake alikuwa seremala, na mwaka waliooana alimtengenezea kochi la watu watatu, la kitambaa cha maua. Halijawahi kukaliwa bila nailoni.

"Kalia ukingoni," Mama Kochi alisema. "Ukikaa katikati nailoni itapasuka, na baba watoto anaikagua kama askari wa forodha."

"Nikikaa ukingoni nitaonekana mgeni."

"Kwani si mgeni?"

"Kwenye picha mimi ndiye mwenye nyumba. Wewe ndiye mgeni, na hujakaribishwa. Sogea, kivuli chako kinaingia."

Mama Kochi alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amemwazima pia gauni lake la zambarau lenye lesi shingoni, kubwa kiasi cha kuwatosha wawili, na Shahidi alilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele, Bibi Dobi alipendeza kama mke wa mkuu wa shule. Alikaa wima, akaweka mkono wa kulia mapajani, akaufunika kwa wa kushoto, akatabasamu.

"Bibi, usitabasamu sana," Shahidi alisema nyuma ya simu. "Unaonekana kama unauza dawa ya meno."

Picha ya pili ilikuwa ya mashati kwenye kamba, yamenyooka kama karatasi. Picha ya tatu Bibi Dobi aliitaka mwenyewe, na hakusema kwa nini. Ilikuwa ya chumba chao cha nyuma, na kitanda cha binti yake. Kitanda hicho hakulala mtu. Bibi na mjukuu walibanana kwenye kingine. Siku hiyo kilitandikwa shuka ya maua mekundu, nzuri kweli. Ilikuwa ya mteja, ingechukuliwa jioni.

"Piga upesi," Bibi Dobi alisema, "kabla mwenyewe hajaja kuidai."

*

Darasa la kompyuta lilikuwa chumba cha nyuma ya maktaba, kompyuta nane, sita zinazowaka. Mwalimu alikuwa kijana mrefu aliyezoea kuinama, akipita nyuma ya viti akisoma kazi za watoto juu ya mabega yao.

Kwa Shahidi alisimama. "Picha zimekaa vizuri. Viungo vinafanya kazi. Lakini hapa, kwenye maneno ya picha, umeandika 'Bibi'. Bibi basi?"

"Ndiye aliyepo."

"Sikiliza. Kuna watu hawaoni. Simu zao huwasomea ukurasa kwa sauti. Zikifika kwenye picha, haziwezi kuisoma. Zinasoma haya maneno uliyoandika. Sasa mtu wa watu amekaa gizani, unamwambia 'Bibi'. Ataelewa nini? Mwambie kilichopo. Yuko wapi, amevaa nini, anafanya nini. Usipambe na usipunguze. Wewe ndiye macho yake."

"Kila kitu?"

"Kila ambacho ungemwambia mtu unayemheshimu."

Shahidi alifikiri. "Na mtu anayeona, naye atayasoma?"

"Anayeona ataiona picha. Maneno yanakaa nyuma ya picha, hayaonekani."

Basi Shahidi akavuta kiti karibu, akaandika. Aliandika kwa vidole viwili, akafuta, akaandika tena, mpaka wenzake walipoanza kuzima mashine. Mwalimu alikuwa na kazi za watoto wengi mkononi. Aliona mistari imejaa, akamgusa bega, akapita.

Siku ya maonyesho wazazi walikalishwa kwenye viti vifupi, magoti yakiwa karibu na videvu. Bibi Dobi alivaa gauni lake mwenyewe. Shahidi alifungua ukurasa kwenye kompyuta aliyozoea, na pale, kwenye kioo, Bibi Dobi akajiona yuko juu ya kochi, mkubwa, chini ya maandishi yasemayo DOBI WA KUAMINIKA. Chini ya picha palikuwa na aya moja kuhusu wanga na maji ya moto, na viungo: Kazi Yetu, Nyumbani Kwetu, Mawasiliano.

"Bonyeza, bibi," mwalimu alisema, akimsogezea kipanya upande wa kulia.

Bibi Dobi alikihamishia kushoto kama mtu anayesogeza kikombe. Akabonyeza Kazi Yetu, mashati yakatokea. Akabonyeza Nyumbani Kwetu. Kitanda kikatokea, na ile shuka nyekundu. Pembeni mama mmoja alisema, "Chumba kizuri." Bibi Dobi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa kitu cha wizi.

Chini ya picha ya kitanda palikuwa na kiungo cha kurudi mwanzo. Alikibonyeza. Kisha akaenda tena kwenye kitanda, akarudi. Akaenda, akarudi.

"Bibi, umeshafika mwanzo," mwalimu alisema kwa upole.

"Najua, mwanangu. Naangalia kama unafika kila mara."

Jioni ile mwalimu alizikusanya kurasa za watoto wote, akazipandisha kwenye mtandao, akafunga chumba. Shahidi aliazima simu ya Mama Kochi, akamtumia mama yake anwani.

*

Jumapili, ambayo kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kusaini, simu ililia kabla hata chungu hakijabandikwa jikoni. Bibi Dobi aliipokea mara moja, akasahau kuiacha iite. Shahidi alibonyeza sauti itoke nje, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mama, nimeufungua ukurasa," binti alisema.

"Umeliona kochi?"

"Sijaliona."

"Kubwa lile, la maua. Liko juu kabisa."

"Mama, hakuna picha. Kurasa zinafunguka zote, nikibonyeza napelekwa, nikibonyeza narudi. Lakini kila penye picha pana kisanduku kitupu, na maneno ndani."

Shahidi aliweka kiganja mdomoni. Kisha akasema taratibu, kama anayesoma kosa lake ubaoni, "Nimeandika anwani ya kompyuta yetu. Kwenye viungo niliweka majina ya kurasa tu, lakini kwenye picha niliandika njia yote, mpaka folda yangu. Pale darasani zinaonekana kwa sababu ziko tumboni mwa mashine ileile. Hakuna aliyezipandisha. Zimebaki kule."

"Sielewi," Bibi Dobi alisema.

"Bibi, ni kama mtu aulizwe kwa simu na mwenzake wa mbali, 'Chumvi iko wapi?' amjibu, 'Iko hapo nyuma ya mlango.' Atachungulia nyuma ya mlango wake, hakuna chumvi."

"Basi si neno. Zitapelekwa kesho." Kisha Bibi Dobi akageuza kichwa polepole. "Maneno gani hayo yaliyo ndani ya visanduku?"

Shahidi alitazama sakafu. Simu ndiyo iliyojibu.

"Nakusomea, mama. Cha kwanza kinasema: 'Bibi amekaa kwenye kochi la Mama Kochi. Amevaa gauni la Mama Kochi, limebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Anatabasamu. Mkono wa kulia ameufunika kwa wa kushoto, kwa sababu vidole vyake havikunjiki tangu msimu wa baridi. Zahanati walisema ni kiharusi kidogo.'"

Uani bomba lilikuwa linamimina maji kwenye ndoo ya mtu, na mwenye ndoo anaimba.

"Cha pili: 'Mashati kumi na moja kwenye kamba, meupe na ya bluu. Nimeyapiga pasi mimi, kwa sababu bibi hawezi kushika pasi. Moja aliliunguza, halipo kwenye picha.'"

"Shahidi," Bibi Dobi alisema, sauti haina hasira, imechoka tu. "Nilikukataza nini?"

"Ulinikataza nisimwambie mama. Sikumwambia. Niliwaandikia wasioona."

Binti alicheka huko aliko. Kilikuwa kicheko cha kweli, kisha katikati kikabadilika, kikawa kitu kingine, na wote wawili huku wakakisikia kikibadilika. Alipopata sauti alisema, "Kimebaki kimoja."

"Acha hicho," Bibi Dobi alisema.

"'Kitanda cha mama. Shuka ni ya mteja, itachukuliwa jioni. Hakuna anayelala hapa. Bibi hukitandika upya kila Jumamosi, halafu hukaa kidogo ukingoni, halafu hupanyoosha tena pale alipokaa.'"

Bibi Dobi hakujua kwamba mtoto alikuwa akimwona. Alidhani saa ile Shahidi huwa bombani. Alihisi uso unapata joto, kama siku ya Karani, ila hili halikuwa joto la aina ile. Lilikuwa la mtu aliyefunguliwa mlango wakati anaoga, na aliyefungua ni wa nyumbani.

Binti alipenga kamasi. Aliposema tena alikuwa na sauti ya kazi, ile ya kupanga mambo. "Sikiliza, mama. Nimefikiri tangu jana. Nikisaini, wataniongeza mshahara, wamesema. Nitakulipia mtu wa kupiga pasi kila siku. Utaenda kwa daktari wa maana, si pale zahanati. Na huyu mtoto arudi kwenye masomo yake, asiwe anaamka na kuku kuwasha pasi. Hutapungukiwa na kitu. Kesho asubuhi wanaichukua karatasi. Niambie kama hivyo ndivyo unavyotaka."

Lilikuwa shauri jema. Majirani wote wangelisifu, na Mama Kochi angekuwa wa kwanza. Lilikuwa na dawa, lina mshahara, lina mtu wa kupiga pasi. Bibi Dobi alilitazama upande huu na upande ule kama anavyotazama nguo kabla ya kuilowesha, na hakuona tundu. Alifungua mdomo aseme, "Fanya unavyoona, mama." Maneno hayo yaliijua njia, yangetoka yenyewe.

Hayakutoka. Alivuta kigoda, akakaa, akaiweka simu mapajani, na mkono wake mzima akaushika ule mwingine. Shahidi alinyanyuka juu ya ndoo apishe, lakini bibi yake alimfanyia ishara ya kichwa: kaa.

"Mama?" binti aliita. "Upo?"

"Nipo."

"Sema basi. Unataka nini?"

"Mkono uache," Bibi Dobi alisema. "Mkono utapona au hautapona, hilo ni la mkono. Hata ungekuwa mzima, ungekuwa wa kufulia shuka za dunia nzima, ningetaka neno hilihili, na nimelimeza tangu asubuhi ile niliyokubebea begi nikakuambia nenda, usigeuke. Sikutaka uone uso wangu. Ungegeuka, ningekuzuia." Akaiinua simu karibu na mdomo. "Sitaki mtu wa kupiga pasi. Sitaki daktari wa kulipiwa na miaka yako mitatu. Usiisaini karatasi ya watu. Nakutaka wewe, mwanangu. Nataka urudi nyumbani."